Nimechimba shimo la choo Buswelu, udongo unang'aa kama dhahabu. Nifanyeje?

Mjenzi_Mpole
Wakuu, habari za jioni. Najenga Buswelu hapa Mwanza, kiwanja kiko ubavuni mwa kilima, mawe makubwa kila upande. Mafundi wamefika kama futi nane kwenye shimo la choo, udongo ukaanza kutoka na chembe za njano zinazong'aa. Ukiushika, vidole vyote vinameremeta. Fundi kaweka sururu chini, anasema hapa si pa choo tena. Jioni yake akaja jamaa na pikipiki, sijui nani kamwambia, anataka laki moja na nusu "ya kipimo" halafu ataniletea mnunuzi. Mke wangu anasema choo kiendelee.

Naomba ushauri: haya ni madini gani? Nitajuaje bila kumpa mtu hela? Na kama ni mali kweli, si kiwanja changu? Jiografia niliishia kidato cha pili, nielezeni taratibu.

Kokoto_Nne
Mkuu tupia picha, na ukiukata usitusahau 😂

Babu_wa_Rifu
Kijana, hiyo laki na nusu usitoe. Nimezeekea kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, upande wa Geita, kipimo cha kwanza hakina gharama. Chukua karai, weka udongo kidogo, jaza maji, chezesha huku unamwaga maji taratibu. Dhahabu ina uzito mara 19 wa maji, inalala chini kabisa na haikimbii. Chembe zikielea, au zikiondoka na maji ya mwanzo, huo ni ulanga, unang'aa tu lakini si dhahabu. Ukipata chembe iliyobaki, iweke juu ya chuma uigonge: dhahabu inatandaa, haivunjiki.

Kijana_wa_Duara
Mwaga zebaki humo kwenye karai, majibu unapata dakika tano.

Babu_wa_Rifu
Zebaki nyumbani kwa mtu mwenye familia? Mvuke wake unaharibu mapafu na mishipa ya fahamu, nimewaona wenzangu mikono inatetemeka hadi chai hawashiki. Futa hiyo.

Mwamba_Geu
Mkuu Mjenzi, achana kwanza na kinachong'aa, tazama kimetoka kwenye jiwe gani. Nenda kwenye moja ya hayo mawe makubwa, banja kipande kwa nyundo, kitazame juani upande uliovunjika upya. Utaona punje za kijivu zinazopitisha mwanga kidogo, hizo ni kwatzi. Kuna vipande vyeupe au vya waridi vyenye nyuso bapa, hiyo ni feldispa. Na kuna vijipande vyeusi vinavyobanduka tabaka kwa tabaka, huo ndio ulanga. Kila kimoja hapo ni madini, yaani kitu cha asili chenye kemikali zake na atomu zilizopangika kwa utaratibu wake. Yakishikamana unapata mwamba, na huo wa kwako ni graniti.

Graniti ya Mwanza ilikuwa uji wa moto chini sana ya ardhi. Ilipoa polepole mno, punje zikapata muda wa kukua, ndiyo maana unaziona kwa macho. Lava inayomwagika juu ya ardhi inapoa haraka, punje zake nyingi huzioni. Umri wa mawe haya unazidi miaka bilioni 2.5. Vilivyokuwa juu yake vyote vimeshaliwa na mvua na mito, kwa hiyo ukipiga picha pale Bismarck, lile jiwe maarufu la ziwani, umesimama mbele ya kitu kilichoganda kilomita kadhaa chini.

Sasa shimo lako. Maji yanaingia kwenye nyufa, kona za jiwe zinaliwa kwanza, ndiyo unaona yamebaki ya mviringo, yamebebana. Chini ya udongo kazi ni hiyo hiyo. Feldispa inageuka kuwa mfinyanzi mweupe. Kwatzi haiguswi, inabaki mchanga. Na ule ulanga mweusi, chuma kilichomo kinashika kutu, unageuka kahawia, halafu njano inayomeremeta kuliko hata dhahabu yenyewe. Kwa maelezo yako ninaona ni huo. Ila fanya karai la Babu, usiniamini mimi wa mtandaoni.

Sengerema_Kwetu
Mtaalamu, Geita si hapo ng'ambo tu? Kwa nini wao wapate dhahabu na sisi ulanga?

Mwamba_Geu
Umbali mdogo, mwamba tofauti. Vilima vya Geita ni mabaki ya lava na mashapo ya kale, yakiwemo matabaka yenye chuma kingi. Yalizikwa, yakabanwa, yakapikwa bila kuyeyuka hadi yakabadilika. Ndiyo tunayoita miamba geu. Graniti imejichomeka pembeni. Baadaye maji ya moto yakapanda kwenye nyufa yakiwa na dhahabu iliyoungana na salfa. Yalipogusa tabaka la chuma, salfa ikaiacha dhahabu ikaoa chuma, wakazaa piraiti. Dhahabu ikakosa wa kuibeba, ikaganda pale pale. Kwa hiyo Babu hapo akiona rifu, yaani mshipa wa kwatzi kwenye mwamba, yenye kutu na piraiti hacheki, anaipeleka karasha, mashine ya kusaga mawe.

Piraiti yenyewe ndiyo inayowaliza wengi. Ni njano iliyopauka, mara nyingi ina umbo la dadu. Isugue nyuma ya kigae, upande usio na rangi: inaacha mstari mweusi wenye ukijani, dhahabu inaacha wa njano. Halafu ni ngumu, 6 hadi 6.5 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kisu cha kawaida hakiikwaruzi. Dhahabu haizidi 3.

Na Sengerema msijisikie vibaya, dhahabu ya Nyanzaga iko wilayani kwenu na miamba yake ni jamii ya ile ya Geita.

Karani_Mstaafu
Hilo la "si kiwanja changu": hati inakupa ardhi, haikupi madini. Kwa Sheria ya Madini ya 2010 madini ni mali ya umma, kuyachimba ni kwa leseni, na mchimbaji mdogo anaanza na leseni ndogo. Kuuza ni kwenye masoko ya madini yaliyoanzishwa 2019, si kwenye pikipiki. Ukibaki na wasiwasi nenda ofisi ya Tume ya Madini ya mkoa, au peleka sampuli maabara ya GST, taasisi ya serikali ya jiolojia, Dodoma.

Mjenzi_Mpole
Nimerudi wakuu. Karai limefanyika mbele ya fundi na majirani waliojialika. Chembe zote zimeondoka na maji ya mwanzo, umebaki mchanga wa kijivu. Nikachukua moja kubwa nikaiingiza ukucha, ikabanduka vigozi vyembamba, kimoja ukikiinua juani unaona mwanga upande wa pili. Jamaa wa pikipiki anasema "ya chini ndiyo yenyewe", ila bei ya kipimo imeshuka hadi elfu hamsini 😂 Fundi kaokota sururu.

La mwisho: ukuta wa shimo unamomonyoka ukiugusa, jiwe linavunjika kwa mkono. Choo kitasimama?

Mwamba_Geu
Hiyo ni graniti iliyooza, feldispa yake imeshalegea. Maji yanapita vizuri ila haijishiki. Fundi asishuke tena kabla ya kuukinga ukuta kwa mbao, mchanga wa futi nane ukimwangukia hatoki. Ukimaliza kuchimba jengea tofali kuzunguka shimo lote, uache matundu ya kunyonya maji. Na kama kuna kisima cha jirani upande wa chini, ongea naye kwanza, maji machafu yanasafiri haraka kwenye udongo wa namna hiyo.

Kwenye msingi wa nyumba, ukigonga jiwe gumu usishangilie mapema. Ndani ya huo udongo huwa yanabaki mawe mazima peke yake, chini na pembeni ni mchanga mtupu. Gonga sehemu tatu nne za mtaro, kama yote yanalia sawa na kwa kina kile kile, hapo mwagia zege.

Babu_wa_Rifu
Hapo kwenye mbao msikilize. Duara nyingi zinaua kwa kuta, si kwa kina.

Kokoto_Nne
Na hayo mawe mazima ya juu usiyafukie, mkuu. Kokoto za graniti ndizo zinazotakiwa kwenye zege. Nina vijana wa kupasua, njoo PM tuelewane bei.