RF au AM kwa duka la Sinza? Naomba ulinganisho, hasa upande wa kuzima lebo kaunta

Kona ya Sinza

Wadau, habari za leo. Nina duka la vipodozi na mahitaji ya nyumbani Sinza, fremu mbili zilizounganishwa, kaunta mbili, na mlango mmoja wa wateja wenye upana wa kama mita 1.6. Manukato, losheni za bei ya juu, nyembe na maziwa ya watoto ya kopo vinapungua kila ninapohesabu mzigo. Nimeletewa bei na wauzaji wawili wa mifumo ya kuzuia wizi, ile ya lebo kwenye bidhaa na nguzo mlangoni zinazolia lebo isiyozimwa kaunta ikipita. Mmoja ana mfumo wa RF (mawimbi ya redio) wa megahezi 8.2, mwingine ana AM (mtikisiko na sumaku) wa kilohezi 58. Wa AM ni ghali zaidi, vifaa na hata lebo zenyewe. Kila mmoja ananiambia wa mwenzake haufai.

Kuliko wizi wenyewe, naogopa zaidi kumwaibisha mtu aliyelipa. Niliwahi kuona mama wa makamo amesimamishwa mlangoni mwa duka moja la nguo, mfuko ukamwagwa mezani mbele ya watu, na risiti anayo mkononi. Kumbe keshia hakuzima lebo. Yule mama aliondoka akitetemeka na sidhani kama alirudi pale. Sitaki jambo hilo litokee dukani kwangu hata mara moja. Waliofunga au wanaotumia mifumo hii, naomba mniambie ukweli.

Fundi wa Magomeni

Dada, umeuliza swali ambalo wenye maduka wengi hawaulizi. Wanatazama nguzo za mlangoni tu, na pedi ya kaunta, ile inayozima lebo, inawekwa popote penye nafasi.

Elewa kwanza kinachozimwa. Lebo ya RF ni stika yenye koili ya aluminiamu na kapasita ndogo (kijisehemu kinachohifadhi chaji ya umeme). Kwenye kapasita kuna sehemu iliyofanywa nyembamba makusudi. Pedi inarusha nguvu kwenye masafa yale yale ya 8.2, umeme unatoboa pale penye wembamba, kapasita inashikana, na lebo haiitikii tena. Lebo ya AM ni kijiboksi cha plastiki chenye urefu wa karibu milimita 45. Ndani mna vipande vya metali vinavyoweza kutikisika, na pembeni yake ukanda wa sumaku. Nguzo inatuma mpigo, inanyamaza, kisha inasikiliza, na lebo iliyo hai inaendelea kulia kidogo kama kengele iliyogongwa. Pedi ya AM haiunguzi kitu. Inauondolea ule ukanda sumaku yake, lebo inahama masafa, na nguzo haiisikii tena.

Ndiyo maana kasoro zake hazifanani. Lebo ya RF iliyozimwa inaweza kufufuka ikikunjwa sana, maana pale iliposhikana panaachana. Hutokea kwenye nguo ambayo lebo imeshonewa ndani ikafuliwa. Lebo ya AM iliyopitishwa haraka mno juu ya pedi hubaki imezimika nusu, kaunta ikaona imekufa na mlango ukaisikia. Hiyo ndiyo inayomwaibisha mteja wako.

Kwa mlango wa mita 1.6, jozi moja ya nguzo za RF itahangaika na lebo ndogo ya milimita 40 kwa 40. Nguzo za RF kwa lebo laini (za stika) nazifunga kwa umbali wa kama mita moja, ikizidi kidogo. Kwako zingehitajika tatu, moja katikati ya mlango. AM itaufunika kwa mbili.

Mkaguzi wa Mzigo

Mimi niko upande wa AM moja kwa moja, kwa sababu ya bidhaa alizozitaja. Boksi nyingi za manukato zina karatasi ya kung'aa yenye metali, na losheni ni majimaji. Vyote viwili vinaivuruga lebo ya RF: metali inaizuia, majimaji yanaihamisha masafa. Unabandika lebo nzuri kabisa na mlango haulii. Ukisema "nitaibandika kwingine" utajikuta kila aina ya boksi inataka sehemu yake, na wafanyakazi hawatakumbuka.

Ila asikwambie mtu kwamba AM inashinda kila kitu. Ukibandika juu ya bati la chuma, lile bati linavuruga sumaku ya lebo. Na haipendi kukunjwa. Ukiibandika kwenye chupa nyembamba ya duara, vile vipande vya ndani vinabanwa visitikisike.

Zamu ya Jioni

Naongea kama keshia, maana lawama zote huishia kwetu. Shikamooni wakubwa.

Duka nililoanzia kazi lilikuwa na RF, sasa hivi niko kwenye AM. Pedi ya RF ni rahisi kwa mkono, unaburuta bidhaa juu yake, ikilia imezima, unaendelea. Ya AM inataka utulivu. Lebo ipite karibu na pedi, ikiwa imelala, na isikimbizwe. Foleni ya Jumamosi jioni ikifika mlangoni, hakuna keshia anayekumbuka hilo kama hakufundishwa. Dada, tenga muda wa kuwafundisha watu wako kabla hamjafungua mlango na mfumo mpya.

Kingine, omba pedi iliyounganishwa na skana, ile isiyozima mpaka bakodi isomwe. Bila hiyo, mtu anaweza kumpitishia rafiki yake bidhaa tano, akasoma tatu, pedi ikazizima zote. Nimeshuhudia, na aliyefukuzwa kazi hakuwa aliyefanya.

Roli ya lebo mpya isikae kwenye kaunta karibu na pedi. Zitakufa zikiwa kwenye roli na utazibandika hivyo hivyo.

Kona ya Sinza

Ahsanteni sana. Zamu ya Jioni, marahaba mwanangu, hayo ya skana nisingeyajua.

Maswali yangu mengine: kaunta zangu zimevikwa bati la stenlesi juu. Fremu ya jirani upande wa kushoto ni duka la nguo na tayari lina nguzo za AM. Na umeme ukikatika tunawasha jenereta. Je, haya yana uzito?

Fundi wa Magomeni

Yote matatu yana uzito.

Stenlesi kwanza. Pedi ikikaa chini ya bati, au juu ya bati bila nafasi, nguvu yake inamezwa. Utaona muuzaji anaongeza nguvu hadi mwisho, lakini lebo bado hazizimiki zikiwa juu kidogo. Kata sehemu ya bati, weka ubao au graniti, pedi ikae chini yake, na uondoe chuma kilicho karibu: droo ya pesa, miguu ya kaunta, fremu ya aluminiamu. Pedi isikae kando ya waya za mashine ya risiti ya EFD wala chaji za simu. Ukiweza, ipe soketi yake.

Kurekebisha nguvu kuna kipimo. Chukua bidhaa yako halisi yenye lebo, ipitishe kwa mwendo wa keshia, kwanza ikigusa kaunta, kisha kwenye urefu wa mkono unaobeba chupa. Izimike katika urefu wote ambao keshia hupitisha vitu. Halafu weka bidhaa nyingine pale mteja anapowekea vitu ambavyo bado hajalipia. Hizo zisizimike. Watu husahau jaribio hili la pili. Pedi yenye nguvu kupita kiasi inazima vilivyo pembeni, na mtu akibadili mawazo akarudisha losheni kwenye rafu, umebaki na bidhaa isiyolindwa bila kujua.

Jirani. Nguzo za AM za maduka mawili yaliyopakana ni lazima zipige na kunyamaza kwa mpangilio mmoja. Mpangilio huo kwa kawaida unafuata mawimbi ya umeme wenyewe, hapa kwetu hezi 50. Zisipooana, mpigo wa jirani unaangukia kwenye muda wako wa kusikiliza, na nguzo zako zitapiga kelele bila mtu kupita au zitakuwa viziwi. Fundi anayejua anaingia kwenye mipangilio na kusogeza muda mpaka zioane, ila lazima aende pia kwa jirani kwa idhini yake. Mwombe jirani kabla ya kununua.

Bahari Beach

Hapo kwenye jenereta nakazia, maana ndilo lililotutesa. TANESCO ikiwepo kila kitu shwari. Umeme ukikatika, sisi tuko kwenye jenereta yetu na jirani yuko kwenye yake, hakuna tena wimbi moja la kufuata. King'ora kinaanza kulia chenyewe. Wiki hazikupita nyingi, walinzi wakazoea kukipuuza. Siku mwizi wa kweli alipopita, mlinzi alimpungia mkono aende.

Tulichofanya ni kuunganisha nguzo za maduka mawili kwa waya wa kusawazisha, zisitegemee umeme. Siyo mifumo yote inayo nafasi hiyo, uliza kabla ya kulipa. Na jenereta za bei rahisi zisizoshika hezi 50 sawasawa, usizitegemee kwa mitambo hii bila inveta nzuri katikati.

Mkaguzi wa Mzigo

Naongeza mambo ya mlangoni haraka. Bidhaa zenye lebo zikae mbali na nguzo, mita moja na nusu hadi mbili. Taa za LED za bei ya chini na kompresa ya friji ya soda iliyowekwa mlangoni ni chanzo kikubwa cha kelele, yaani mawimbi ya umeme yanayovuruga nguzo, kwa mifumo yote miwili. Kwa RF kuna jambo la ziada: mlango wa chuma wa kuviringisha, au waya mrefu wa ekstensheni uliozungushwa, unaweza kuunda koili yenyewe na nguzo ikadhani ni lebo. Kabla ya kulaumu nguzo, zima taa moja moja uone kelele inashuka lini. Mfumo wowote mzuri una taa au namba ya kuonyesha kelele. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha hiyo namba, muage kwa heshima.

Na waulize wote wawili kuhusu uthibitisho wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, maana ni vifaa vinavyorusha mawimbi.

Rafu ya Vitabu

Mimi niko maktaba ya shule. Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa na vitabu: hizi mbili siyo zenu. Sisi tunatumia nyuzi za sumaku zinazozimwa kitabu kikiazimwa na kuwashwa kikirudi. Lebo ya RF ikishaungua haiwashwi tena.

Zamu ya Jioni

Nimesahau la afya. Wenye vifaa vya moyo vya umeme wapite katikati ya nguzo bila kusimama wala kuegemea, na kama keshia wako ana kifaa hicho, asiwekwe kwenye pedi ya AM kabla daktari wake hajasema. Kadi za benki za ukanda wa sumaku pia zisilazwe juu ya pedi ya AM.

Kona ya Sinza

Wadau, nimerudi. Niliwaita wauzaji wote wawili waje na nguzo na pedi za majaribio, siku tofauti, tukatumia bidhaa zangu na kaunta yangu, ubao ukiwa umeshawekwa. RF ilizima lebo vizuri sana pale kaunta, hilo sina ubishi. Lakini boksi tatu za manukato zilipita mlangoni kimya, na katikati ya mlango nyembe nazo hazikusikika. AM ilisikia manukato yote. Jirani amekubali, tukazima umeme makusudi tukawasha jenereta zote mbili, na kwa waya wa kusawazisha kelele haikuwepo. Naichukua AM, na pedi iliyofungwa kwenye skana kwa kaunta zote mbili.

Mlinzi wangu tumekubaliana maneno ya kusema king'ora kikilia: "Samahani mama, inaelekea sisi hatukuzima lebo, naomba turudi kaunta pamoja." Anaongozana naye, mfuko anaubeba mteja mwenyewe, haumwagwi. Keshia anaangalia risiti, anazima, anaomba radhi.

Limebaki moja. Makopo ya maziwa yalipita bila kusikika.

Fundi wa Magomeni

Hongera dada, na hayo maneno ya mlinzi nitayabeba niwape wateja wangu.

Makopo: ulibandika ubavuni, na ubavu ni chuma. Bandika juu ya kifuniko cha plastiki, katikati, mbali na ukingo wa bati. Kama kifuniko kimelala moja kwa moja juu ya bati, weka kipande cha sponji chini ya lebo ili ipate nafasi. Keshia naye lazima aligeuze kopo, kifuniko kitazame pedi, maana likipita limesimama bati lote linakuwa kati ya lebo na pedi na halitazimika. Jaribu kuzima makopo kumi ya aina tofauti kabla fundi hajaondoka, kaunta zote mbili, kisha yapitishe mlangoni yakiwa ndani ya mfuko kama mteja atakavyoyabeba. Likilia hata moja, usisaini karatasi ya kupokea kazi.