Acheni kuwalazimisha watu waandike "NIPO" ili msiwafute! Kupunguza marafiki mtandaoni kuna utaratibu wake

Wakuu, salaam.

Naufungua uzi huu nikiwa na hasira na sitazificha. Kila mwisho wa mwezi, na Desemba ndiyo usiseme, Facebook na WhatsApp zinajaa tangazo lile lile: "Kesho saa 4 usiku nafagia marafiki. Mnaonisoma kimya kimya bila laiki wala komenti nimewachoka. Anayetaka kubaki aandike NIPO." Chini yake watu wazima wenye familia zao wamejipanga: nipo dada, nipo mkuu usinifute. Huu ni udhalilishaji. Halafu ni kazi mbovu, kwa sababu mwenye tangazo anaishia kuwafuta wasomaji wake na kubaki na matapeli.

Kwanza, tangazo lako haliwafikii wote. Facebook haigawi posti kama kadi za harusi kwamba kila jina lililomo kwenye orodha litapata ya kwake. Mfumo unachagua nani aone, ukiangalia nani aliwahi kukulaiki, nani mnachati, na nini kingine kinagombania nafasi kwenye kioo chake muda huo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na wa Facebook wenyewe walipima akaunti zaidi ya 220,000, wakakuta posti ya kawaida inaonwa na kama 35% ya marafiki wa aliyeiandika. Piga hesabu. Una marafiki 1,000, basi watu 650 tangazo hawakuliona kabisa. Hao hawakukataa kuandika NIPO. Hawakuulizwa. Na tangu mwaka huo mfumo umebadilika mara nyingi, siku hizi video za watu usiowajua zinakula nafasi hiyo hiyo.

Utafiti huo huo uliwauliza watu wakadirie wamesomwa na wangapi. Walikadiria kama 27% ya idadi halisi. Yaani aliyesomwa na watu 100 alidhani ni 27, na hesabu ya laiki na komenti haikumsaidia kujua ukweli. Kabla ya hapo, mwaka 2006, Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, alishaandika kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 ndiye anayeandika sana. Kwa hiyo huyo unayemwita "mchunguliaji" ndiye mtumiaji wa kawaida wa mtandao, na wewe unayeposti kila siku ndiye wa pekee.

Kimya kina sababu zake na mnazijua. Kuna mtu anayenunua bando la shilingi mia tano na kulibana lifike kesho. Kuna mama mkubwa anayesoma kwa simu ya mjukuu. Akibonyeza laiki inatoka kwa jina la mjukuu, basi anaacha. Kuna mtumishi wa umma ambaye tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 ameamua vidole vyake visiguse komenti ya mtu, hata ya salamu. Kuna aliyefiwa. Hawa wote mnawapanga mstari waseme NIPO kama wanafunzi asubuhi mstarini?

Kwenye WhatsApp makosa yamezidi. Mtu anafungua orodha ya waliotazama stetasi, anahesabu majina 60, anavimba kwamba wengine 200 wanamchunia. Sikilizeni inavyofanya kazi. Stetasi inamfikia mtu iwapo wewe umesevu namba yake na yeye amesevu yako. Upande mmoja ukikosekana haiendi. Aliyezima tiki za bluu anaweza kutazama stetasi zako kuanzia asubuhi hadi usiku na jina lake lisitokee hata mara moja. Na kama aliyezima ni wewe, basi huoni jina la yeyote, hata stetasi ikitazamwa na ukoo mzima. Halafu stetasi inaishi saa 24 tu. Aliyeishiwa bando Ijumaa akarudi hewani Jumapili hakukuchunia, alikuta imeshapita. Instagram nako orodha ya waliotazama stori huwa inaonekana kwa saa 48 tangu uiweke, ukichelewa kuifungua unakuta imeondoka.

Sasa jambo linaloniudhi kuliko yote: programu za "jua nani anachungulia profaili yako". Facebook haimwonyeshi mtu yeyote nani alifungua ukurasa wake, na wameliandika hilo waziwazi kwenye kurasa zao za msaada. Programu ya nje haiwezi kukupa kitu ambacho yenyewe haipewi. Inachofanya ni kukuomba uingie kwa neno lako la siri, kisha inakupangia majina machache ya marafiki zako mwenyewe uridhike. Kesho yake akaunti imechukuliwa, na marafiki zako wanapokea ujumbe "nimepatwa na shida, ile hela tuma kwenye namba hii". TikTok pekee, kati ya hii mitandao ya starehe, ndiyo ina historia ya waliotazama profaili, nayo inafanya kazi pale tu wewe na yule mtazamaji mmeiwasha wote wawili. Kama ulishaingiza moja ya hizo programu, usiishie kuifuta kwenye simu. Badilisha neno la siri, nenda kwenye mipangilio uondoe programu zote zilizounganishwa na akaunti, toa simu na kompyuta zote zilizobaki zimeingia, kisha washa uthibitisho wa hatua mbili.

Simkatazi mtu kupunguza. Facebook yenyewe inaweka kikomo cha marafiki 5,000, na ukifika hapo lazima mtu atoke ili mwingine aingie. Punguza, lakini kimya kimya na kwa mpangilio.

Kabla hujagusa jina lolote, omba nakala ya taarifa zako kwenye mipangilio ya Facebook na uchague sehemu ya marafiki peke yake, faili linakuwa dogo. Ndani utakuta kila rafiki na tarehe mliyounganishwa, na wale uliowahi kuwaondoa. Ukikosea utajua nani wa kumwomba tena. Wengi hawafanyi hivi, halafu baada ya wiki wanahangaika kukumbuka jina la shemeji waliyemfuta.

Wa kwanza kutoka wawe akaunti feki, tena hasa zile pacha: jina la mtu unayemjua na picha yake, lakini akaunti ya mwezi uliopita yenye posti mbili. Usiifute kabla hujampigia mwenyewe kumuuliza ipi ni yake, kisha iripoti. Mnajua akaunti hizi zinawapataje watu wa kuwaomba hela? Wanasoma orodha yako ya marafiki iliyo wazi kwa dunia nzima. Ifunge leo, weka ionekane na wewe tu. Marafiki mnaoshirikiana bado wataonekana, ila orodha nzima haitakuwa soko la matapeli.

Pili, kumfuta mtu huku posti zako ziko wazi kwa umma ni kazi bure. Ataendelea kusoma kila kitu. Hata yule uliyekataa ombi lake la urafiki anabaki mfuasi wako ikiwa umeruhusu umma ukufuate. Badilisha kwanza nani anaweza kukufuata, halafu tumia ile sehemu inayofunga posti zote za zamani zibaki kwa marafiki. Fikiri kabla hujaibonyeza, maana kuzifungua tena ni moja moja.

Kwa mkwe, bosi au jirani ambaye kumfuta kutaleta kesi, kuna orodha ya waliowekewa mipaka. Anabaki rafiki, ila anaona posti za umma tu na zile ulizomtag. Hapati taarifa yoyote. Kublok ni kwa anayekutishia au kukutukana: kunavunja urafiki, na ukimfungulia urafiki haurudi wenyewe, lazima muombane upya. Tena ukishamfungulia, huwezi kumblok tena hadi saa 48 zipite.

Kwenye WhatsApp msihangaike na kina shangazi walio kimya. Angalieni madalali wa vyumba, mafundi bomba na madereva mliosevu kwa shughuli ya siku moja. Nao walisevu namba zenu, kwa hiyo stetasi ya "familia nzima tupo Tanga hadi Jumatatu" wanaiona vizuri sana, na nyumba wanaijua. Nenda kwenye faragha ya stetasi, chagua kuwaonyesha wote isipokuwa hao, na uwatie alama mmoja mmoja. Mabadiliko hayo hayagusi stetasi iliyokwisha kwenda, hivyo fanya kabla ya kuposti.

Usifute mia tatu kwa usiku mmoja. Mitandao hii ikiona vitendo vingi vya haraka inaweza kukufungia kwa muda ikidhani wewe ni roboti, na macho yakichoka unafuta usiyemkusudia. Watu 20 au 30 kwa kikao wanatosha.

Na akaunti za marehemu msiziguse, tafadhali. Hao hawataandika NIPO. Facebook ikishaigeuza akaunti kuwa ya kumbukumbu, hakuna tena anayeweza kuingia ndani yake, na ukijitoa kwenye orodha ya marafiki wa marehemu, wa kukurudisha ni yule mtu mmoja tu ambaye marehemu alimteua enzi za uhai wake aisimamie. Wengi hawakuteua mtu. Ukishabonyeza, umetoka, na picha na maneno aliyowawekea marafiki peke yao hutayaona tena.