Mabroka wa Wasini, acheni kutuuzia fungu la mchanga siku za maji mafu

Uzi huu ni wa wazazi wanaopanga kuwapeleka watoto kisiwa cha Wasini na Kisite, hifadhi ya bahari iliyo karibu nacho, likizo hii. Mabroka, madalali wa hizo safari, nao wausome, unawahusu zaidi.

Tangazo ni lile lile mwaka mzima. Familia imesimama juu ya fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari, pomboo pembeni, "kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, kila kitu ndani, lipa arbuni leo". Hakuna hata mmoja anayeandika maji yatakuwaje siku hiyo.

Lile fungu la Kisite huonekana maji yakipwa, tena yakipwa sana. Na bahari yetu haina siri. Bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, huja baada ya nusu mwezi. Siku za bamvua maji hujaa alfajiri, kwenye saa kumi au kumi na moja, yakapwa saa nne au tano asubuhi, yakajaa tena jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, na yakipwa alasiri hayapwi kupwa kwa maana. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mamlaka ya Bandari huchapisha jedwali la maji la Kilindini la mwaka mzima, na nyakati za Shimoni, kule bara tunakopandia boti, hazipishani nalo sana. Kwa hivyo mtu anayeuza safari ya Desemba anaweza kujua leo hii fungu litatoka au halitatoka.

Sasa tazameni ujeuri wenyewe. Idi ndogo ni mwezi wa mfunguo mosi (Shawwal), tarehe mosi. Lazima iangukie bamvua. Idi kubwa ni mfunguo tatu (Dhulhija), tarehe kumi. Lazima iwe jirani na maji mafu. Ije kusi, ije kaskazi, hilo halibadiliki, kwa sababu tarehe ni ya mwezi na maji ni ya mwezi. Na bado kila Idi kubwa picha ya fungu inarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp! Mtu wa pwani hawezi kuniambia hakujua. Anajua, na anajua pia kwamba mteja akishafika kule na ameshalipa, hatarudi.

Kwa mtu mzima anayejua kuogelea si hasara kubwa. Kwa mtoto wa miaka mitano siku imekwisha. Maji yakijaa hakuna pa kusimama. Matumbawe hayakanyagwi, na hata yangekanyagwa yanakata. Mtoto anabaki botini wenzake wakipiga mbizi, na boti iliyotia nanga huchafua roho kuliko inayokwenda, maana inayumba ubavu hadi ubavu. Akianza kutapika, mkalisheni katikati kuelekea shetri (nyuma), asikae omo (mbele) kunakopanda na kushuka, wala asikae kwenye moshi wa injini. Dawa ya kuzuia kutapika hutolewa kabla ya kupanda, kwa kipimo cha umri atakachowaambia mwenye famasia. Ukimpa baada ya kuanza kutapika, inatoka nayo.

Bamvua nayo ina adabu zake. Mkifika Wasini maji yakiwa bado makavu, boti hushindwa kukaribia na mnashushwa kwenye mawe yenye ncha, mtoto begani. Mpango wa mtu anayejua kazi ni huu: mfike Kisite maji yakimalizia kupwa, watoto wapate mchanga na maji ya kiunoni, kisha mwende Wasini maji yakiwa yanarudi. Kupwa kukiwa saa tano, boti iondoke Shimoni saa tatu na nusu. Likoni mpaka Shimoni ni zaidi ya kilomita 70, na nyinyi mabroka gari la wateja mnalizungusha Bamburi na Nyali kuokota wengine kabla ya feri ya Likoni. Halafu mnafika saa tano mkisema "leo maji yamewahi". Maji hayajawahi, nyinyi ndio mmechelewa. Wanaotoka Changamwe na Mikindani wapitie barabara ya Dongo Kundu, feri haiwahusu.

Kuhusu Agosti nitasema kwa ufupi, maana ni aibu. Shule zimefungwa, upepo wa kusi umesimama. Mlango wa Wasini, yaani mkondo kati ya Shimoni na Wasini, umekingwa na kisiwa chenyewe, lakini mkitoka nyuma ya visiwa vya Mpunguti mnakutana na bahari kuu. Upepo huongezeka kadiri jua linavyopanda. Asiyekwambia haya anapopokea arbuni yako ni mwizi tu. Aprili kuna masika, na mito ya Ramisi na Umba huleta maji ya udongo, hivyo hata kwa miwani ya kuzamia huoni kitu. Desemba asubuhi ndiyo salama yenu.

Jaketi za kuokolea maisha. Hapa ndipo hasira yangu ilipo. "Jaketi zipo" si jibu. Jaketi huchaguliwa kwa uzito wa mtoto, na uzito huo umeandikwa ndani yake. Zile za chungwa za watu wazima mnazowavika watoto ni hatari: mtoto akiingia majini, jaketi hupanda juu likamfunika uso, naye akachomoka chini kama ndizi kwenye ganda. Jaketi la mtoto mdogo lina kola ya kushikilia kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Kulipima ni kazi ya dakika moja. Mfunge mikanda yote, kisha shika mabega ya jaketi umnyanyue. Kidevu na masikio vikizama ndani, ni kubwa, lirudishe. Binya povu lake: likiwa limepasuka, au zito kwa maji yaliyoingia, halielei vizuri. Na lifungwe kabla ya kukanyaga boti, si baada ya kuondoka gatini, maana kupanda na kushuka ndiko watu wanakoanguka.

Kiingilio cha Kisite hulipwa KWS, shirika la wanyamapori, kwa eCitizen, tovuti ya serikali, na mtoto ana bei yake, raia ana bei yake. Broka anayekwambia "kimo ndani" mdai risiti inayoonyesha wakubwa wangapi na watoto wangapi. Wapo wanaomtoza mtoto bei ya mkubwa na kubaki na tofauti. Afadhali ulipe mwenyewe, ubebe kitambulisho na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Na chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hivyo msitujazie katoni ya maji garini halafu mkatushangaa tukinyang'anywa. Kila mtu aje na chupa yake ya kudumu.

Chakula: kaa na samaki wa Wasini hawana mpinzani, ila huletwa saa saba au saa nane. Mtoto aliyeamka saa kumi na moja hafiki. Bebeni mahamri, ndizi na mayai ya kuchemsha.

Baharia wa Mkwiro: Umesema kweli, lakini sema na upande wa pili. Wazazi wanabana bei mpaka nahodha anatafuta vichwa vya kujazia mafuta. Watu kumi na wawili wanageuka ishirini. Kila boti ina cheti cha Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, na idadi ya abiria imo ndani. Ombeni kukiona kabla ya kupanda, mhesabu vichwa, na mtoto wa mapajani ahesabiwe pia.

Mwenye uzi: Nakubali, na asiyeonyesha cheti tusipande. Ila usinichanganyie bei na jedwali la maji. Kuangalia jedwali ni bure.

Mama Kibokoni: Mwanangu ana mwaka na nusu. Broka ananiambia "hamna shida, tumezoea".

Mwenye uzi: Wamezoea wao. Dada yangu, muulize kama ana jaketi la mtoto wa kilo kumi na moja, akutumie video yake likiwa na mkanda wa miguuni. Akishindwa, achana na Kisite. Vuka tu kutoka Shimoni hadi Wasini, mlango umetulia na hakuna magari kisiwani. Nenda kwenye bustani ya matumbawe ya kale, ile ya akina mama yenye daraja la mbao. Nje ya bamvua unapita juu ya nchi kavu. Bamvua ikijaa, maji huingia mpaka chini ya mbao, napo pazuri zaidi. Mshike mkono muda wote, kuna nafasi kati ya mbao. Kofia na shati la mikono mirefu, na mmalize kabla ya saa tano jua halijachoma. Hospitali kubwa ya karibu iko Msambweni, kwa hivyo usiondoke nyumbani na mtoto mwenye homa ati kwa sababu umeshalipa arbuni.

Baharia wa Mkwiro: Na mwambie asipande boti ya mwisho jioni. Kusi likivuma, hata mlango huchafuka.