Tangawizi ya balkoni imegeuka njano na hii baridi, na maua sijawahi ona

balkoni_ya_nne
Wapendwa habari za baridi. Niko Umoja, Nairobi, ghorofa ya nne, balkoni inaangalia ukuta wa jirani kwa hivyo jua naonanga kutoka saa nne mpaka saa saba basi. Mwaka jana Septemba nilitoa tangawizi ya kupika soko la Marikiti, kipande kimoja kilikuwa kimetoa jicho la kijani nikakionea huruma nikakizika kwa ndoo ya rangi ya lita 20. Kikashika, kikafika kiuno, watoto wakipita mbio wakigusa majani unasikia harufu mpaka kwa ngazi. Sasa tangu Juni ianze majani yanakauka kutoka kwa ncha, mashina mawili yamelala kabisa kama mlevi wa end month. Nimeongeza maji, kikombe kizima kila asubuhi, na ndio inazidi. Nimeiingiza sebuleni kando ya TV. Inakufa ama? Na ya pili, niliona picha ya tangawizi na maua mekundu makubwa, yangu mbona haijawahi toa hata moja? Baba watoto anasema nafuga nyasi.

mzee_wa_miche
Mama, weka hicho kikombe chini kwanza. Haijakufa, inalala. Hebu hesabu, Septemba mpaka Juni ni miezi tisa, na tangawizi ikifikisha miezi nane hadi kumi majani hukauka yenyewe hata ikiwa shambani, hivyo ndivyo mkulima hujua imekomaa. Yako imepatana na baridi hapo hapo. Mmea huu asili yake ni kusini mashariki mwa Asia, unataka joto la digrii 25 hadi 30, na hapa kwetu usiku wa Julai unashuka mpaka 11 hivi. Mizizi imesimama, hainywi, na wewe unamwaga tu, maji yanakaa chini yanaozesha. Mimi mbili zangu za kwanza nililaumu baridi bure, kumbe niliziua kwa maji na mkono wangu.

Fukua kando na kidole mpaka uguse mzizi wenyewe, ufinye. Ukiwa mgumu kama wa sokoni, uko sawa. Kidole kikizama na harufu ikiwa ya viazi vilivyooza kwa gunia, kata hiyo sehemu utupe, kipande kizima kiache nje kikauke siku mbili tatu ndio ukirudishe kwa udongo mpya. Hiyo ndoo ulitoboa chini? Watu wengi hawatoboi. Mashina yakishakauka yote kata, weka ndoo mahali pakavu penye joto kidogo, yangu hulala juu ya friji. Giza si neno kama majani yameisha, lakini kama kuna la kijani bado, dirishani. Maji nusu kikombe baada ya wiki mbili tatu, udongo usiwe vumbi tu.

Maua: uliyoona kwa picha ni ya jamaa yake, hii ya kupika haina ua kubwa. Hutoa kijishina kifupi peke yake kutoka chini kwa udongo, juu kuna kichwa cha kijani kama nanasi changa, halafu viua vya manjano hafifu vyenye mdomo wa zambarau. Na ni nadra, mpaka mzizi ukae kama miaka miwili bila kusumbuliwa. Umewahi kuichimba?

balkoni_ya_nne
Heh mzee. Kila Jumamosi. Si niliipanda ya chai? Nafukua kando na uma, nakata kidole kimoja, narudisha udongo, nilidhani haijui. Ndoo haina tundu hata moja. Nimefinya sasa hivi, upande mmoja mgumu, ule wa katikati kidole kimeingia, na harufu, woi.

kijana_wa_keja
Kwa hivyo umekuwa ukiikula ikiwa hai na unauliza mbona haifurahii 😂😂

dada_wa_rongai
Pole dada, wote tumeanzia hapo. Kama ni maua unataka, iache hii ya chai iwe ya chai na utafute ile ya maua meupe, kwa vitabu inaitwa Hedychium coronarium, wenye vitalu vya miche kando ya barabara ukiwaambia ile ya majani kama ya tangawizi yenye ua jeupe kama kipepeo watakuonyesha. Hiyo imetoka pande za milima ya Himalaya kwa hivyo baridi yetu inaivumilia. Jioni ikichanua unasikia harufu ukiwa kwa gate, si mchezo, jirani yangu aliniuliza nimenunua pafyumu gani.

Lakini ni kinyume na yako iliyolala kwa maji, ikiwa inakua inataka udongo wenye unyevu wakati wote. Shina moja linachanua mara moja tu, likimaliza unalikata chini ndio mapya yapate nafasi. Na tafadhali usiipe CAN, ile mbolea ya dukani ya kukuza majani, mimi niliimwagia CAN mwaka mzima nikapata majani ya kufunga sima, ua hakuna. Saa hii naweka samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri na majivu ya jiko kiganja kimoja, zaidi ya hapo majivu yanaharibu udongo. Chombo kiwe kipana, kina si lazima, kwa sababu mzizi unatambaa kwa upande.

mpwani_South_B
Dada yangu, hiyo nyekundu ya pichani naijua, ni Alpinia purpurata, kwetu Mombasa yaota uani bila kuulizwa. Na lile jekundu lote ulionalo silo ua, ni majani yaliyogeuka rangi, ua lenyewe ni jeupe dogo lachungulia katikati. Nilibeba mche nikauleta South B, ukakaa miaka miwili haujatoa kitu, umejikunyata tu, likizo moja nikaurudisha kwa nyanya Kisauni nao ukachanua kunikomoa. Kwa baridi hii usijisumbue nayo.

mzee_wa_miche
Mpwani kasema kweli. Mama, toboa ndoo matundu matano sita na msumari wa moto, kokoto chini, kisha udongo uliochanganywa na mchanga. Kama ni ule mweusi wa huko Embakasi unaoshika maji kama godoro, usiutumie.

balkoni_ya_nne
Nimerudi, leo ni tarehe 29 Septemba. Nilikata ile iliyooza, nikabaki na kipande kama kidole gumba na kingine kikubwa kidogo. Vimelala juu ya friji tangu Julai, nimepigana na watu wa nyumba hii wasivipike, nikaandika kwa karatasi USIGUSE. Jana nimeangalia nikapata macho matatu, moja limeshatoa ncha ya waridi. Nimerudisha balkoni na maji kidogo. Mzee, hiyo miaka miwili naihesabu kutoka Septemba ya mwaka jana ama naanza upya?

mzee_wa_miche
Unaanza upya mama. Na tangawizi ya chai nunua kwa kibanda.