"Basi la bure kwa wageni": mamangu aliambiwa yeye si mgeni

Wadau, nina hasira na nitaandika nikiwa nayo, kwa hivyo mnivumilie.

Hoteli sitaitaja. Iko Nairobi, upande wa Westlands, na getini ina bango lenye picha ya basi jeupe: usafiri wa bure kwa wageni wetu, stesheni ya SGR (treni ya Mombasa), vivutio vya mji, maduka. Bango hilo ndilo lililonila shilingi 28,500.

Mimi naishi Pipeline, bedsita, ghorofa ya sita, lifti hakuna. Mamangu anaumwa goti. Alikuja na khalati, dada yake, kutoka Kisauni, Mombasa, kunitembelea, mara ya kwanza tangu nihamie huku, nami sikuweza kumpandisha mamangu ngazi zile huku nguo za majirani zikimdondoshea maji kichwani. Nikajinyima miezi kadhaa, nikawalipia siku tatu hotelini, 9,500 kwa usiku. South C nilikuwa nimepata ya elfu sita, safi tu. Hii ghali niliichagua kwa ajili ya basi, maana mchana niko kazini Industrial Area na sikutaka wazee wale wahangaike na matatu za mji wasioujua. Nilipiga simu mara tatu kuuliza. Mara zote tatu nikajibiwa, "Usafiri upo, ni bure, usijali."

Siku ya kwanza wakaja na treni ya saa tisa mchana, wakashuka stesheni ya SGR ya Syokimau saa mbili ya usiku imepita. Basi halikuweko. Napiga simu: "Leo liko gereji, wachukue teksi, tutawarudishia." Hawajarudisha mpaka leo. Najua kuna treni ya mji inayowangoja abiria wa SGR pale pale kuwaleta stesheni ya zamani, lakini mtu ana goti, mabegi mawili na kikapu cha maembe, halafu akishuka mjini aanze tena kutafuta gari la Westlands usiku? Nikalipa teksi. Hiyo nikaimeza.

Ya siku ya pili ndiyo imekataa kushuka.

Mama tangu zamani anataka kuwaona wale watoto wa ndovu yatima wanaolelewa kituo cha Sheldrick, ndani ya Nairobi National Park upande wa Magadi Road. Waliowahi kwenda wanajua: wageni wa mchana wanaingia saa tano, saa sita kamili mambo yamekwisha. Saa moja tu, na sharti uwe umeweka nafasi mapema. Niliweka na kulipa wiki mbili kabla. Mapokezi niliwaeleza habari ya saa tano, wakaniambia basi linatoka saa tatu, muda utabaki.

Asubuhi nikapitia hapo kabla ya kazi ili niwaone wakipanda. Mama amevaa buibui lake zuri, khalati ana leso mpya. Kuna kijana ameshika ubao wenye karatasi, kalamu imefungwa kwa uzi. Anapanga watu. Kina mama wale walipofika mlangoni akanyoosha mkono: "Samahani mama, hili ni la wageni."

Mama akamtazama. "Na mimi ni nani, mwanangu?"

"Namaanisha wageni wa hoteli."

"Nimelala chumba mia mbili na kumi na nne. Nimetoka Kisauni. Hapa Nairobi nina mwenyeji mmoja tu, huyu," akanionyesha mimi.

Kijana akarudi kwenye karatasi yake. Mnajua waliandikwa vipi? Wazungu wote wana majina yao kamili. Mama na khalati wameandikwa "214 – Mombasa, 2". Kama mzigo wa parseli! Na mstari ule ulikuwa umekatwa kwa kalamu, juu yake yameandikwa majina ya watu wengine wawili. Nilipolipa kwa M-Pesa mbona hawakuniuliza natoka wapi? Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa kwao mgeni ni pasipoti.

Nikapaza sauti, meneja akatoka, wakapewa viti vya nyuma kabisa, vile vya kukunja. Goti nalo likakunjwa pamoja na kiti. Basi likaondoka saa nne kasoro dakika kumi, nami nikakimbilia kazini.

Yaliyofuata ninayo kwa sauti ya mama mwenyewe, WhatsApp, vipande kumi na moja. Cha kwanza: dereva anataka kila abiria atoe mia mbili za Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, "ili tuwahi". Wakatoa. Risiti hakuna aliyeonyeshwa. Kisha, kwa maneno ya mama, "hiyo barabara ya juu tumeiona kwa chini." Wamelipia ya juu, wakapitishwa Uhuru Highway kwenye jamu, wakiyaangalia magari ya wenzao yanapaa vichwani mwao.

Cha nne: basi limeingia kwenye duka la vinyago na vitambaa ambalo halikuwa kwenye ratiba yoyote. Dakika arubaini. Dereva akaletewa chai na chapati, na kikadi chake kikagongwa muhuri. Sihitaji kuambiwa muhuri ule ni wa nini. Humo ndani mama akaonyeshwa kikoi cha shilingi 3,500. Mama amekaa na biashara ya leso na vikoi Mombasa zaidi ya miaka ishirini, bei za jumla za Biashara Street anazijua kama jina lake. Kipande kile cha sauti ndicho kilichonichekesha siku hiyo, kwa sababu mama alianza kumfundisha muuzaji kukagua ufumaji wa kikoi chake mwenyewe.

Cha saba: wamefika getini saa sita na dakika tano. Watu wanatoka. Vumbi. Mama hakusema mengi, alisema tu, "Haya, wamekwenda kulala." Khalati nyuma anauliza kama kesho watarudi. Kesho kutwa wana treni, na nafasi za hiyo kesho zilikuwa zimejaa.

Dereva akawaambia wangoje hapo, anawapeleka wengine sehemu ya chakula, atarudi saa nane. Saa tisa hajarudi. Simu ya hoteli inaita tu. Wazee wawili, mmoja mgonjwa wa goti, kando ya Magadi Road juani.

Walioniokoa ni matatu ya Rongai. Ndiyo, hizo hizo za michoro na muziki wa kupasua masikio tunazozilaani kila siku humu. Makanga akashuka, akamshika mama mkono, akamhamisha kijana wa kiti cha mbele: "Shosho akae hapa," yaani bibi. Mia moja moja hadi mjini. Kipande cha kumi na moja sauti ya mama haisikiki vizuri kwa ajili ya besi, lakini nasikia akisema huyu kijana ana adabu kuliko wale wa hoteli, ila amwambie nani anayemwita shosho.

Sasa kuna mtu atakuja hapa aniandikie, "Kitu cha bure unalalamikia nini?" Ndugu, si cha bure. Nilikilipia 3,500 zaidi kwa kila usiku. Kama ningeambiwa basi linakwenda duka la vinyago tu, ningeenda South C na chenji ingetosha teksi kila siku. Kuna jamaa kazini alifanya kazi Orlando kule Florida, anasema mabasi ya Disney yanawazungusha bure wageni wa hoteli zao hadi kwenye viwanja vyao vya burudani, na hakuna anayeulizwa katoka wapi. Sisemi tuwe Florida. Hata hapa Nairobi nimeona hoteli ndogo yenye gari moja kuukuu linalotoka kwa saa yake.

Katiba ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na anachonunua, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Nimewaandikia nikizitaja zote mbili. Nadai teksi ya Syokimau, zile mia nne za Expressway na tiketi mbili za ndovu. Wamejibu wananishukuru kwa maoni yangu na wamenipa punguzo la asilimia kumi nikilala kwao tena.

Juzi nimepita pale. Bango bado lipo, ila chini wameongeza kistari kidogo cha maandishi, "masharti kuzingatiwa". Mwenye picha ya bango hilo kabla hawajaongeza, tafadhali aniwekee hapa, naihitaji.