Methamfetamini kwenye seli za SH-SY5Y: vishimo vya pembeni vinakufa zaidi, tatizo liko wapi?

Kirumba_Lab
Wakuu, tuko Mwanza. Tunapima sumu ya methamfetamini kwenye seli za SH-SY5Y (seli za binadamu zinazofanana na za neva, zinazokuzwa maabara), sahani ya vishimo 96, saa 24, kisha MTT (kipimo cha rangi cha kukadiria seli hai). Kwenye milimola 2, vishimo vya katikati vinabaki na seli hai asilimia 70, vya pembeni 45. Hata vile visivyotiwa dawa, pembeni viko chini. Midia (kimiminika cha kukuzia seli) inageuka pinki iliyokolea, yaani pH imepanda. Inkubeta inasoma nyuzi 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5. Kibali cha dawa tunacho.

Sangara77
Mwanza iko kama mita 1,140 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni kilopaskali 88 hivi badala ya 101. Asilimia 5 ya hapa ni gesi pungufu, na kaboni dayoksaidi ndiyo inayotia midia asidi, kwa hiyo pH inapanda. 5 × 101 ÷ 88 ni 5.7. Weka hiyo.

Mwalimu_wa_Seli
Hesabu ya Sangara77 ni sahihi, lakini inaeleza pH kupanda kwa 0.06 tu. Pinki iliyokolea haitoki hapo. Angalieni trei ya maji. Ikikauka, mambo mawili yanatokea kwa pamoja: vishimo vya pembeni vinapoteza maji, chumvi na dawa vinakolea, na kama sensa ya gesi ni ya kupima upitishaji joto, unyevu ukishuka inasoma uongo. Pimeni gesi kwa kipimo cha mkononi, msiamini kioo cha mashine.

Trei ijazwe maji yaliyokenekwa na kutakaswa, siyo ya bomba. Vile vishimo 36 vya ukingoni msiviwekee seli kabisa. Tieni PBS (maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti) maikrolita 200 kila kimoja, mfanye kazi na 60 vya ndani. Na pH si jambo dogo kwa dawa hii: ni besi dhaifu, pKa (pH ambapo nusu ya molekuli zina chaji) karibu 9.9. Kutoka 7.4 hadi 7.7, sehemu isiyo na chaji, inayopenya utando wa seli, inakuwa maradufu.

Nyakato
Naongeza kuhusu tafsiri, maana hapo ndipo tasnifu nyingi huanguka. Milimola 2 ni mara mamia ya kiwango cha kawaida kwenye damu ya mtumiaji, ambacho ni maikromola chache. Wekeni pia viwango vya chini, na komazeni seli kwanza ziwe kama neva kamili: asidi ya retinoiki maikromola 10, siku 5 hadi 7, seramu asilimia 1. MTT inapima umetaboli, siyo kifo, kwa hiyo ongezeni LDH (kipimo cha kimeng'enya kinachovuja seli zikifa).

Tena sahani haina homa. Kwa panya, joto la mwili kupanda ndilo linalozidisha uharibifu. Akiwekwa kwenye baridi, miisho ya neva za dopamini kwenye striatamu (sehemu ya ndani ya ubongo) huumia kidogo sana. Msiandike kwamba seli zenu zimeonyesha kinachotokea ubongoni.

Kirumba_Lab
Tumefungua. Inkubeta imeinama upande wa mlango: maji yamejikusanya mbele, unene wa kidole kimoja, nyuma trei ni kavu na ina ukoko mweupe. Sahani zetu hukaa nyuma. Tunaisawazisha kwa pima maji leo, kesho tunaweka midia tupu usiku kucha kabla ya kurudisha seli.