Mfuniko ulianguka, Idi hakugeuka

Kundi: WANA WA UJIJI (familia)

Jumamosi

[20:14] Mama Idi: Shikamooni wakubwa. Jamani nina jambo, limenikosesha raha tangu asubuhi.

[20:15] Baba mdogo Juma: Marahaba. Sema mwanangu, kuna nini?

[20:19] Mama Idi: Leo nilikuwa naosha vyombo uani, Idi amekaa chini anachezea mchanga, kanipa mgongo. Mfuniko wa sufuria kubwa ukaniponyoka, ukapiga sementi nyuma yake kabisa. Kuku wote waliruka. Jirani akachungulia ukutani. Idi hakushtuka hata kidogo, akaendelea kuchota mchanga.

[20:21] Baba mdogo Juma: Si alikuwa amezama kwenye mchezo wake? Watoto ndivyo walivyo.

[20:22] Mama Idi: Nikauokota nikaugonga tena makusudi. Kimya.

[20:26] Bibi Ujiji (anaandika Hamisi): Bibi anasema huyo mtoto anasikia. Juzi alimwita mlangoni akageuka na kucheka. Anasema pengine masikio yameziba, umtie mawese ya vuguvugu matone mawili, kila sikio.

[20:31] Shangazi Mwajuma: Mama, shikamoo. Nakuomba sana mawese yasiingie sikioni, wala maziwa ya mama, wala kijiti cha pamba. Kama ngoma ya sikio imetoboka, mafuta yanapita hadi ndani.

[20:33] Shangazi Mwajuma: Na pale mlangoni, Mama, ulikuwa umejitanda kanga nyekundu na mwanga unatoka nyuma yako. Aliona kivuli. Mtoto asiyesikia hutegemea sana macho yake. Salma wangu alikuwa hivyohivyo. Mlango ukifunguliwa ageuka, nikipita na miguu mizito ageuka, nikasema mtoto wangu ni mzima. Kumbe alihisi sakafu.

[20:34] Wifi Neema Kasulu: 😢

[20:40] Shangazi Mwajuma: Mama Idi, kesho asubuhi akiwa ameshiba na ametulia, fanya hivi. Mtu mmoja akae mbele yake amwoneshe kitu cha kawaida, asimchekeshe sana. Wewe kaa nyuma yake kama hatua moja, kivuli chako kisimfikie. Zungusha kijiko ndani ya kikombe polepole. Halafu mwite jina kwa sauti ya kawaida. Usipige makofi karibu na kichwa, upepo wake anauhisi shingoni. Rudia upande wa kulia na wa kushoto. Hata akigeuka mara moja, Jumatatu nendeni tu, maana hicho ni kipimo cha nyumbani, si cha daktari.

[20:44] Baba mdogo Juma: Lakini Mwaju, ana mwaka 1 na miezi 3 tu. Baba yake naye alichelewa kusema, sote tunakumbuka.

[20:52] Shangazi Mwajuma: Kaka, baba yake alichelewa kusema lakini ukimtuma kikombe alileta. Kusema na kusikia ni vitu viwili. Mtoto mchanga akisikia kishindo hushtuka. Akikaribia miezi 6 huigeukia sauti. Akifika mwaka jina lake analijua. Mama Idi, hebu niambie, zamani alikuwa anafanya ba-ba-ba?

[20:55] Mama Idi: Alikuwa anafanya Shangazi, alipokuwa na miezi 7, mpaka baba yake anamrekodi akiwa ziwani huko. Baada ya ule ugonjwa akanyamaza. Nilidhani amedhoofu tu.

[20:56] Shangazi Mwajuma: Ule wa kulazwa?

[20:57] Mama Idi: Ndiyo. Homa ya uti wa mgongo. Tulikaa wodini siku 11, sindano asubuhi na jioni.

[21:06] Shangazi Mwajuma: Basi hakuna kusubiri tena. Homa ile inaweza kuharibu sikio la ndani, kule kusikoonekana kwa tochi, na baadhi ya sindano za kuokoa maisha nazo huweza kugusa usikivu. Kila mtoto aliyepona homa hiyo anatakiwa apimwe masikio. Mlipotoka hamkuambiwa?

[21:07] Mama Idi: Hatukuambiwa. Tulipewa dawa tukaruhusiwa.

[21:12] Shangazi Mwajuma: Na kwa wengine mfupa huanza kuota ndani ya sikio baada ya homa hiyo. Hata wakitaka kumwekea kile kifaa cha kusikia kinachopandikizwa sikioni, kazi inayofanyika Muhimbili tangu 2017, ukichelewa nafasi inakuwa finyu. Ndiyo maana nasema Jumatatu, si mwezi ujao.

[21:15] Wifi Neema Kasulu: Shangazi na mimi niulize. Wangu wa miaka 2 anaziba masikio mashine ya kusaga ikiwashwa, na mchanga miguuni hautaki, analia.

[21:19] Shangazi Mwajuma: Huyo anasikia, wifi, labda kupita kiasi. Wengi huwa hivyo na hupungua. Kama anakutazama, anakuonesha vitu kwa kidole, anakula na maneno yanaongezeka, mzoeze taratibu bila kumlazimisha. Ila maneno aliyokuwa nayo yakipotea, au hakutazami usoni, au chakula kinamshinda, mpeleke. Na wote humu, ukipiga picha usiku ukaona mboni ya mtoto inang'aa nyeupe, wiki hiyohiyo hospitali.

[21:24] Bibi Ujiji (anaandika Hamisi): Bibi anauliza, kwani katika ukoo wetu nani alizaliwa kiziwi? Anasema mnamtia mtoto mkosi.

[21:38] Shangazi Mwajuma: Mama, Idi hakuzaliwa hivyo, aliugua. Na Salma si mkosi, ni mjukuu wako. Mimi siumii kwamba Salma ni kiziwi. Ninaloumia ni ile miaka 3 niliyoambiwa subiri, atasema tu. Alipofika shule ya viziwi Tabora hakuwa na lugha hata moja, ya mdomo wala ya mikono. Alikuwa hajui kwamba ana jina. Siku aliyorudi likizo ya kwanza akanioneshea kwa vidole alama ya jina lake, akanipa na mimi la kwangu. Nilikaa chini nikalia. Idi asipitie ile miaka.

[21:50] Bibi Ujiji (anaandika Hamisi): Bibi amenyamaza. Ameingia ndani.

Jumatatu

[07:05] Shangazi Mwajuma: Mama Idi, kadi ya kliniki na karatasi ya kutokea wodini usisahau. Waambie neno la kwanza kabisa: aliugua uti wa mgongo, na aliacha ba-ba-ba.

[13:22] Mama Idi: Tumetoka hospitali ya Maweni. Masikio hayana usaha wala nta. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Ametuandikia rufaa ya Bugando, kule watampima vizuri kwa mashine akiwa amelala.

[13:24] Baba mdogo Juma: Mwanza. Nauli ya watu wawili na kulala huko.

[13:31] Shangazi Mwajuma: Wakati mnasubiri, ongea naye uso kwa uso, na umwoneshe kwa mkono kila unachosema. Kula, njoo, mama, maji. Kila siku ishara ileile.

[16:48] Bibi Ujiji (anaandika Hamisi): Bibi ameuza madumu mawili ya mawese. Anasema Hamisi akutumie hela sasa hivi kwenye simu. Anauliza ishara ya "bibi" inafanywaje.

[16:50] Shangazi Mwajuma: Nakuja jioni, Mama. Nitakuonesha.